SOMO: Kugandisha sato na sangara nyumbani

Naandika mara moja. Atakayeniuliza tena "mbona samaki wangu wa friza ananuka" nitamtumia hii.

1. Nunua asubuhi. Pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, angalia jicho angavu lililotuna na mashavu mekundu. Aliyeshinda juani friza haimrudishi kuwa mbichi.

2. Toa magamba, utumbo na mashavu. Osha, kausha kwa kitambaa safi.

3. Gandisha wakiwa wametandazwa. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Ukisukumia kilo tano kwenye mfuko mmoja, wa nje wanaganda huku wa katikati bado ana joto na anaendelea kuharibika. Tena barafu inayojengeka polepole hufanya chembe kubwa zinazochana nyama; ukiyeyusha maji yanachuruzika, na sufuriani samaki anamong'onyoka. Watandaze kwenye sinia, wasigusane, mpaka ukimgonga alie kama ubao. ONYO: usijaze friza yote siku moja, joto la wapya linawalainisha wa zamani. ONYO LA PILI: sufuria ya mchuzi wa moto isiingie humo kabisa.

4. Akishaganda, mchovye kwenye maji ya baridi sana, mrudishe. Anapata ngozi ya barafu inayozuia hewa kumkausha. Kisha vifuko vya chakula, mlo mmoja kila kifuko. Kamua hewa, andika tarehe.

5. Nyuzi -18. Sato hata miezi 6. Sangara mnono asizidi 3.

6. Yeyusha ndani ya friji usiku kucha, si juu ya meza.

MASWALI

– Mkuu, samaki wangu wa friza ananuka, nifanyeje?
Soma namba 1 na 3.

– Ndefu mno, nipe kwa kifupi.
Mtupe.

– Mimi nayeyusha nagandisha tena miaka yote, sijafa.
Sikusema utakufa. Baridi haiui bakteria, inawalaza tu. Kila ukiwaamsha mezani wanaongezeka. Tumbo ni lako.

– Huku Buhongwa umeme ukikatika kutwa?
Usifungue mlango. Friza iliyojaa hushika baridi kama saa 48, iliyojaa nusu kama 24. Yangu ikibaki na nafasi naijazia chupa za maji. Usizijaze hadi shingoni, zitapasuka.

– Naenda Ukerewe wiki nzima. Nitajuaje kama umeme ulikatika muda mrefu?
Swali zuri sana hili. Gandisha kikombe cha maji, weka sarafu juu ya barafu, kiache humo friza. Ukirudi ukaikuta sarafu imezama hadi chini, kila kitu kiliyeyuka kikaganda upya: tupa, hata kama kinaonekana kigumu. Ikiwa bado juu, kaanga kwa amani.

– Nipake chumvi kwanza?
Kwa sangara hapana. Chumvi inaharakisha mafuta yake kuchacha. Paka siku ya kupika.

– Na dagaa wakavu, dada?
Hao hawahitaji friza. Ndoo yenye mfuniko, pakavu. Ila nunua walioanikwa kwenye chanja. Wa mchangani utawaosha mpaka ukate tamaa na bado utatafuna mchanga.