Kuchora ndege kwa namba, kama Ferdinand Bauer

Wiki iliyopita mpwa wangu aliniletea mdiria mdogo aliyejigonga kwenye kioo cha dirisha akafa. "Mjomba, tutamchoraje kabla hajaharibika?" Nikamfundisha njia ya Ferdinand Bauer, mchoraji kutoka Austria aliyeizunguka Australia na nahodha Matthew Flinders katika meli ya Investigator, 1801 hadi 1803. Viumbe walikuwa wengi, muda mchache. Basi Bauer alichora kwa penseli na kuandika namba ndogo juu ya kila sehemu, kila namba ikiwa na rangi yake. Alipofanya kazi Ugiriki namba zake zilizidi 200; Australia zilikaribia 1,000. Rangi za maji alizipaka baadaye sana, akiwa London, kwa michoro aliyoichagua.

Hatua ya 1: Jedwali la rangi

Litengeneze leo, kabla hujapata ndege. Chora visanduku, paka kila kimoja rangi yake, kipe namba, na uandike pembeni umechanganya nini na nini. Visanduku 60 vinatosha kuanzia. Tenga safu nzima ya hudhurungi na kijivu, maana ndege wengi wamevaa hizo.

Hapa ndipo nilipopoteza siku mbili nilipoanza, kwa hiyo nisikilize. Rangi ya maji ikikauka hufifia. Mimi nilikuwa nalinganisha unyoya na kisanduku kibichi, naandika namba, kesho yake nakuta mgongo umepauka. Ngoja kikauke kabisa ndipo ukipe namba. Pili, jedwali liwe kwenye karatasi ileile utakayochorea. Karatasi laini na karatasi yenye mikwaruzo hazinywi rangi sawa. Tatu, usilinganishe chini ya taa. Balbu ya njano iliniandikisha kijani mahali penye samawati. Kaa karibu na dirisha, mchana, jua lisipige moja kwa moja, na ndege umweke upande uleule mpaka umalize. Kwa mdiria hili ni lazima: bluu yake inatokana na jinsi unyoya unavyotawanya mwanga, kwa hiyo ukimgeuza kidogo unaweza kuiona tofauti. Nne, rangi iliyo katikati ya visanduku viwili usiilazimishe. Andika "14 na 15", au ongeza kisanduku kipya.

Wengine hupiga picha kwa simu badala ya haya yote. Picha inafaa kwa umbo. Kwa rangi siiamini hata kidogo, kwani simu hurekebisha rangi yenyewe bila kukuuliza.

Hatua ya 2: Mdomo, miguu, macho

Vaa glavu. Anza na sehemu zisizo na manyoya, kwa sababu hizo hubadilika mapema ndege akishakufa, manyoya yatakusubiri. Mdomo na miguu ya mdiria wetu ilikuwa nyekundu ya chungwa asubuhi, jioni imefubaa.

Hatua ya 3: Penseli

Pima kwa rula: mdomo, bawa, mkia, mguu. Chora kwa ukubwa wake halisi, penseli ngumu, mkono mwepesi, kisha andika namba.

Hatua ya 4: Kupaka

Tabaka jepesi kwanza, likauke, kisha jingine. Nyeupe iwe karatasi yenyewe: kile kiraka nyuma ya sikio kiache wazi tangu mwanzo. Penye weusi wa kung'aa, kama mboni, ongeza tone la gundi ya mgunga. Brashi moja nzuri yenye ncha kali inashinda seti ya kumi za bei rahisi.

Hatua ya 5: Maandishi ya pembeni

Tarehe, mahali, vipimo, dume au jike kama unajua. Georg Forster, aliyesafiri na nahodha James Cook katika meli ya Resolution, alichora njiwa jike kisiwani Tanna, katika Bahari ya Pasifiki, mwaka 1774. Njiwa yule mwenyewe alipotea, na aina yake imetoweka; tunamjua kwa mchoro ule na maelezo yaliyoandikwa wakati huo. Nilimwonyesha mpwa wangu nakala yake, naye akarudi kwenye mdiria akaandika hata upande wa dirisha alikookotwa.

Jedwali lihifadhi ndani ya bahasha, mbali na jua, pamoja na mchoro wa penseli. Namba usizifute.