Jinsi ya Kuchanganya na Kujaribu Elektroliti ya Betri ya Lithiamu-Salfa

Kwenye betri hii anodi (upande hasi) ni lithiamu na kathodi (upande chanya) ni salfa; kati yao kuna elektroliti, kimiminika kinachopitisha ioni. Salfa ina uwezo wa kubeba chaji ya miliampea-saa (mAh) 1672 kwa kila gramu, lakini yenyewe haipitishi umeme. Ili itumike yote, kwa kawaida hugeuka kwanza kuwa polisalfidi (minyororo ya salfa iliyoungana na lithiamu), na polisalfidi huyeyuka ndani ya elektroliti. Zisipoyeyuka vya kutosha, mmenyuko unakwenda polepole. Zikiyeyuka kupita kiasi, zinavuka hadi kwenye anodi, zinaishambulia lithiamu, kisha zinarudi kathodi kuanza upya. Mimi naiita hali hii nenda-rudi, na ndiyo iliyoua seli zangu nyingi za mwanzo. Kwa hiyo usiichukulie elektroliti kama njia ya kupitishia ioni tu. Kwenye betri hii nayo inashiriki mmenyuko.

Kazi yote ifanyike ndani ya sanduku la glavu lenye agoni, maji na oksijeni vikiwa chini ya 1 ppm (sehemu moja kwa milioni). Naitrojeni haifai, maana lithiamu humenyuka nayo.

Hatua ya 1: Kausha kila kitu

Weka LiTFSI (chumvi kuu ya lithiamu ya elektroliti hii) na lithiamu naitreti kwenye oveni ya vakyumu, nyuzi 120 za Selsiasi, usiku kucha. Viyeyusho vikaushe kwa chembechembe za kufyonza maji, kisha upime maji yaliyobaki kwa mbinu ya Karl Fischer; mimi situmii chochote kinachozidi 20 ppm. Viyeyusho vyetu viwili, dioksolani na dimethoksiethani, ni etha. Chupa ya etha iliyofunguliwa siku nyingi iache, kwa sababu etha ikikutana na hewa hutengeneza peroksaidi.

Hatua ya 2: Changanya

Kwa mililita 10, pima LiTFSI gramu 2.87 na naitreti gramu 0.138. Tia chumvi kwanza kwenye chupa ya kupimia, ndipo ujazie mchanganyiko wa dioksolani na dimethoksiethani, nusu kwa nusu kwa ujazo, hadi kwenye alama. Ukimwaga mililita 10 kamili juu ya chumvi utapita kipimo, maana chumvi nayo inachukua nafasi. Umepata mola 1 ya LiTFSI na mola 0.2 ya naitreti kwa lita.

Dimethoksiethani ndiyo inayoyeyusha polisalfidi vizuri. Dioksolani husaidia kujenga utando unaonyumbulika juu ya lithiamu. Usibadilishe chumvi ukaweka LiPF6, chumvi ya betri za simu: inafungua pete za dioksolani, molekuli zinaungana, na kimiminika kinaganda kama uji. Wala usilete viyeyusho vya kabonati vya betri za simu. Polisalfidi huvishambulia, na chaji hupotea tangu mzunguko wa kwanza wa kuchaji na kutoa chaji.

Hatua ya 3: Tazama kwa macho kabla ya kuunda seli

Hatua hii wengi wanairuka, nami naipenda kuliko zote. Chukua chupa mbili ndogo za kioo, moja yenye elektroliti kamili, nyingine isiyo na naitreti. Katika kila moja koroga Li2S (lithiamu salfaidi) na salfa kwa uwiano wa kutoa Li2S6, mojawapo ya polisalfidi, mpaka kimiminika kigeuke rangi ya kahawia iliyoiva. Tumbukiza kipande cha lithiamu kilichokwanguliwa kikang'aa. Pasipo na naitreti, mng'aro unafifia upesi na uso unafunikwa na ukoko. Penye naitreti, mng'aro unadumu zaidi, kwa sababu naitreti inajenga ngao juu ya chuma.

Hatua ya 4: Pima kiasi kwa mikropipeti

Zamani nilikuwa nahesabu matone. Matokeo yalipendeza, lakini kumbe nilikuwa nafurika seli. Elektroliti nyingi huifanya seli ionekane imara kuliko ilivyo, kwa kuwa inabeba akiba ya naitreti. Anza na mikrolita 10 kwa kila miligramu ya salfa: kathodi yenye miligramu 1.5 inapata mikrolita 15. Betri iliyo nyepesi kiasi cha kuwa na manufaa inadai chini ya mikrolita 5 kwa miligramu, na hapo kimiminika kinajaa polisalfidi, kinakuwa kizito, na volti ya ngazi ya chini inashuka. Andika uwiano huu kwenye kila rekodi. Bila huo, seli mbili hazilinganishiki.

Hatua ya 5: Zungusha na usome mchoro

Chaji na toa chaji kati ya volti 1.8 na 2.8. Ukishuka hadi karibu na 1.6, naitreti inaanza kuvunjika kwenye kathodi. Kwa kathodi yetu, kasi ya C/10, yaani mkondo wa kuimaliza chaji kwa saa 10, ni miliampea 0.25.

Wakati wa kutoa chaji utaona ngazi mbili: ya juu karibu na volti 2.3, ambayo kinadharia inabeba 418 mAh kwa gramu, na ya chini karibu na 2.1, inayobeba salio. Ngazi ya juu ikifupika mzunguko baada ya mzunguko, polisalfidi zinapotea. Na ukichaji, volti ikaganda karibu na 2.4 bila kufika 2.8, hiyo ni nenda-rudi.

Hatua ya 6: Ipumzishe

Usiridhike na ufanisi wa chaji (chaji inayotoka ukilinganisha na iliyoingia) wa asilimia 99. Naitreti huliwa kila lithiamu mpya inapofunuliwa, na ikiisha ufanisi unaporomoka. Chaji seli hadi ijae, iache saa 72, kisha toa chaji. Sehemu ya ngazi ya juu iliyopungua ndiyo iliyovuja ukiwa hujagusa kitu.

Hatua ya 7: Badilisha jambo moja

Jaribu kuongeza chumvi. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo cha Sayansi cha China walifika mola 7 za LiTFSI kwa lita ya kiyeyusho. Hapo karibu kila molekuli ya kiyeyusho imeshikwa na ioni ya lithiamu, hivyo polisalfidi hazina pa kuyeyukia. Gharama yake ni uzito wa kimiminika, yaani kutiririka kwa shida, na bei ya chumvi. Kuongeza etha yenye florini kunapunguza uzito huo bila kufungua mlango wa polisalfidi.

Seli iliyokufa ifungue ndani ya sanduku lilelile, utazame kitenganishi (utando kati ya anodi na kathodi) upande wa lithiamu. Mabaki yakitoka nje yakakutana na unyevu hutoa hidrojeni salfaidi, gesi ya sumu inayonuka kama yai viza, kwa hiyo yashughulikie kwenye kabati la kuvuta hewa. Usiitegemee pua: gesi ikizidi, pua inaacha kuinusa.