Somo: Panga pa Kumalizia Kabla ya Kupanga Njia

Hamjambo wadau wa pikipiki za vumbi. Somo hili la kuandaa mbio za pikipiki kwenye mashamba ya mikorosho niliahidi tangu korosho za msimu uliopita hazijafika mnadani, nikachelewa. Mnisamehe.

Mara ya kwanza kushika saa ilikuwa upande wa Tandahimba. Bodaboda kumi na nne, raundi sita, zawadi mbuzi. Raundi ya mwisho pikipiki mbili zikatokea kwenye vumbi zikiwa sambamba, watu wakamiminika njiani kushangilia, mimi nikatupa daftari kwenda kumvuta mtoto. Nilipogeuka, zote zimeshapita. Mbuzi mmoja, washindi wawili, na maneno mpaka usiku. Mtoto yule alipona kwa bahati tu. Ndiyo maana siku hizi nikiitwa kusaidia, swali langu la kwanza ni moja: mnamalizia wapi?

Hatua ya 1: Tarehe, ruhusa na gari la majeruhi

Mvua zikishakatika, Mei na Juni ndio wakati wetu. Baada ya hapo watu wamo kwenye kupuliza mikorosho, na salfa ya unga ikikuingia machoni ndani ya helmeti huoni kona wala mti. Korosho zikianza kuanguka, hakuna mwenye shamba atakayekuruhusu upitishe matairi juu ya hela yake.

Ruhusa ya mtendaji wa kijiji na polisi haitoshi. Muone kila mwenye shamba, mmoja mmoja.

Gari la majeruhi liwe na nafasi ya kumlaza mtu, na dereva wake ajue kabisa anakwenda hospitali ya Ndanda, Nyangao au Ligula, kutegemea mlipo. Gari hilo halitumwi soda. Likiondoka na mtu, mbio zinasimama mpaka lirudi au lipatikane jingine. Hapo sina mjadala.

Hatua ya 2: Mstari wa kumalizia

Wengi huuweka mbele ya jukwaa la mgeni rasmi, mwisho wa njia iliyonyooka, ili pikipiki zionekane zikija kwa kasi. Hapo ndipo watu wanapoumia. Uweke baada ya kona ya polepole, na kama kuna kakilima baada ya kona, hapo hapo. Mbele ya mstari acha mita mia moja au zaidi za wazi, zisizo na mtu, gari wala mti, maana dereva akishavuka akili yake imeshatoka kwenye breki, anainua mikono.

Fungeni kamba ya katani pande zote mbili, mita kumi kutoka njiani, na kila hatua ishirini asimame mtu anayefahamika kijijini. Mgeni mwenye filimbi hasikilizwi na mtu. Bibi yao akisema "rudini nyuma", wanarudi.

Halafu kuna hili la kukata utepe kama kwenye mbio za miguu. Nimeliona kwa macho yangu: kamba imekatizwa njiani usawa wa shingo ya dereva. Msifanye hivyo kamwe. Chora mstari chini kwa chokaa, simika nguzo mbili nje ya njia, inatosha.

Hatua ya 3: Njia

Itembeeni kwa miguu kwanza. Kisha mmoja aipite polepole kwa pikipiki akiwa amesimama juu ya vikanyagio. Mkorosho hutandaza matawi chini, na tawi lililopita juu ya kichwa chako ukiwa umekaa litakupiga usoni ukisimama kuruka tuta. Tawi likikugusa, mwombe mwenye shamba likatwe, au hamisheni njia. Visiki ving'olewe, kuvipaka rangi hakusaidii kwenye vumbi.

Miti iliyo upande wa nje wa kona ifungieni magunia ya nyasi kavu. Gunia la mchanga lililoshindiliwa ni jiwe lenye nguo.

Hatua ya 4: Bendera

Njano ikipepea ni hatari mbele, punguza na usimpite mtu. Nyekundu, mbio zimesimamishwa. Nyeupe yenye msalaba mwekundu, watoa huduma ya kwanza wako njiani: usiruke tuta, usipite mtu. Bluu, mwenye kasi anakuja kukuzunguka, mpishe. Ya miraba kama ubao wa drafti, mwisho.

Tatizo letu ni Simba na Yanga. Mtu anapepea jezi nyekundu kumshangilia shemeji yake, dereva anafunga breki. Basi bendera zishikwe na waliovaa vizibao vya kung'aa tu, kwenye vituo ambavyo madereva wameoneshwa asubuhi, na mtangazaji awaombe watazamaji jezi zibaki mwilini.

Hatua ya 5: Ukaguzi

Helmeti yenye mkanda unaofunga, buti, glavu, suruali nzito. Vioo vya pembeni vitolewe, stendi ifungwe kwa mpira, mkono wa mafuta ukiachiwa urudi wenyewe, swichi ya kuzimia injini ifanye kazi. Anayekuja na kandambili arudi nyumbani, hata kama ni mtoto wa mwenyekiti.

Hatua ya 6: Kuhesabu

Hapa ndipo haki ilipo. Weka waandishi wawili wasiokaa pamoja na wasiooneshana daftari. Kila mmoja ana msomaji pembeni anayeita namba: "Saba! Kumi na mbili! Tatu!" Mwandishi haangalii pikipiki, anaandika alichosikia kwa mpangilio wake, mstari mpya kila kiongozi anapopita. Namba ziwe kifuani na mgongoni, kubwa, maana ya mbele ya pikipiki itafunikwa na tope raundi ya kwanza.

Kiongozi akipewa bendera ya miraba, wengine wanamaliza raundi waliyomo na wanasimamishwa. Aliyepitwa raundi nzima akavuka mstari nyuma tu ya kiongozi si wa pili, ingawa shangazi zake watakwambia walimuona kwa macho yao. Kwenye daftari ana raundi pungufu.

Matokeo yabandikwe, wapewe nusu saa ya kulalamika, ndipo zawadi itolewe. Mbuzi akishakabidhiwa harudi.

Maswali ya wanachama

*Njomba, simu zetu zinarekodi vizuri, daftari la nini tena?*

Vyote viwili. Simu ifungwe kwenye nguzo, iangalie mstari kwa ubavu, isishikwe mkononi. Na uchague video ya mwendo wa polepole. Pikipiki ya kilomita 60 kwa saa inakwenda karibu mita 17 kwa sekunde. Simu ya picha 30 kwa sekunde inaacha zaidi ya nusu mita kati ya picha na picha, ya picha 240 inaacha kama sentimita 7. Anayetangulia ni yule ambaye sehemu ya mbele kabisa ya pikipiki yake imegusa mstari kwanza. Lakini simu huzima chaji, daftari halizimi.

*Mbio zikikatishwa kwa nyekundu, mshindi nani?*

Sisi tunasema hivi mapema: nusu ikiwa imeshapita, tunachukua mpangilio wa raundi iliyokamilika kabla ya bendera. Shirikisho la kimataifa la pikipiki, FIM, nalo hurudi raundi moja nyuma. Aliyesababisha mbio kusimama hafaidiki. Nusu haijafika, tunaanza upya.

*Shikamoo mwalimu. Nikisimama kumsaidia aliyeanguka, si nimejipoteza mwenyewe?*

Marahaba. Kwa mbio za muda, unarudishiwa dakika zako. Kwenye mbio za masafa marefu za Dakar za 2016, Mreno Paulo Gonçalves alikuwa anaongoza akasimama kwa Matthias Walkner aliyevunjika paja, na muda wake akarudishiwa. Miaka minne baadaye, kwenye mbio hizo hizo huko Saudi Arabia, Gonçalves mwenyewe alianguka akafariki, na dereva mwenzake Toby Price alisimama kwake, naye akarudishiwa muda. Kwa mbio za raundi ni vigumu kurudisha, kwa hiyo weka watu wa bendera wa kutosha ili asilazimike dereva kuwa daktari.

*Aliyeanguka nimvue helmeti?*

Kama anapumua, muache nayo, shikilia kichwa kisicheze, zima injini, subiri wenye kujua. Kama hapumui au anatapika ndani yake, inatolewa na watu wawili, mmoja ameshika shingo. Maji na soda asipewe.

*Kaka, sisi mama lishe mnatuweka kichochoroni kila mwaka. Mwaka huu tukae wapi?*

Dada, kwa swali lako nimebadilisha ramani yangu. Watu hufuata supu na chapati kuliko wanavyofuata kamba. Kaeni kwenye mwinuko wa ndani ya njia, upande upepo unakotoka, mbali na mstari wa kumalizia lakini mnauona. Mbio zikianza hakuna kukatiza njia, kwa hiyo maji na kuni viingie mapema. Washeni moto saa moja kabla ya mbio. Na mratibu akija kuwaambia msogee karibu na jukwaa, mwambieni kwanza aje anione mimi.