Jinsi ya kusoma usawa wa bahari ya kale kwenye matuta ya mchanga

Kosa la kwanza ni kupima kilele cha tuta na kudhani bahari ilifika karibu na hapo. Kilele ni kazi ya upepo, na upepo unaweza kurundika mchanga makumi ya mita juu ya maji. Ushahidi wa bahari uko chini, pale mchanga wa upepo unapokalia mchanga wa ufuo, au nyuma ya tuta, kwenye tope la wangwa lililojaa makombe.

Mahali pazuri kabisa pa kujifunzia ni jimbo la Australia Kusini, kati ya Robe na Naracoorte. Kwa takriban kilomita 90 kutoka pwani kuelekea bara kuna matuta zaidi ya 10 yaliyogeuka mawe, yakijipanga sambamba na pwani. Ardhi hapo inainuka taratibu. Kwa hiyo kila bahari iliporudi baada ya enzi ya barafu, haikulifikia tuta la zamani ikalifuta. Ilijenga jipya mbele yake. Ukienda bara, unazidi kukutana na matuta ya kale zaidi.

Tafuta mahali tuta lilipokatwa: machimbo, barabara au mfereji. Karibu na Robe, tuta la Woakwine limekatwa na mfereji wa urefu wa karibu kilomita 1 uliochimbwa kukausha shamba, na tumbo lote la tuta linaonekana. Kwangua sentimita 20 hadi 30 za uso uliochakaa, kisha pima mwinamo wa matabaka kwa dira yenye kipimapembe. Matabaka ya upepo huinama kuelekea bara kwa digrii 30 hadi 34, kwa sababu mchanga mkavu hauvumilii mteremko mkali zaidi ya huo. Ya ufuo huinama kuelekea baharini, kwa kawaida chini ya digrii 10, na hubeba kokoto na vipande vikubwa vya makombe. Usitegemee tone la asidi kukutenganishia. Litatoa povu kote, maana sehemu kubwa ya mchanga huo ni makombe yaliyosagika, na ni chokaa yao iliyoyeyushwa na mvua ndiyo iliyougandisha ukawa jiwe. Ukiona udongo mwekundu au ganda gumu la chokaa katikati ya tuta, hapo mchanga ulisimama muda mrefu: juu na chini ya mstari huo ni vipindi viwili, usivichanganye.

Kwenye tope la wangwa, tafuta kombe ambao magamba yao mawili bado yamefumbana. Hao walifia walipoishi. Gamba moja moja linaweza kuwa limeletwa na dhoruba, ndege au mlaji. Huko Woakwine utakuta kombe wa Anadara, jamaa wa hawa wanaookotwa na kina mama Unguja maji yakipwa.

Pima kimo cha tabaka hilo kwa kifaa cha setilaiti cha usahihi wa sentimita, lakini hakikisha umebadilisha kimo kutoka umbo la dunia la kihesabu hadi wastani halisi wa bahari. Tofauti yake inaweza kufika makumi ya mita, na imeharibu vipimo vingi vizuri. Andika pia tofauti ya kujaa na kupwa. Robe haifiki hata mita 1 na nusu. Mombasa, wakati wa bamvu, inapita mita 3, kwa hiyo ufuo wa kale wa Mombasa una shaka kubwa zaidi.

Umri wa mchanga hupatikana kwa kupima mng'ao wa chembe za kwatzi, madini magumu yaliyochanganyika na makombe hayo, ambao hufutwa na jua na kuanza kujilimbikiza upya chembe zinapofukiwa. Gongomea bomba la chuma la sentimita 5 kwa 25 katikati ya tabaka lenye unene usiopungua sentimita 60, ziba ncha zote mbili kwa plastiki nyeusi, na chukua mchanga wa pembeni kupima mionzi na unyevu. Mwanga ukiingia, umri utatoka mdogo kuliko ukweli. Ukikadiria unyevu chini ya ulivyokuwa, kosa ni hilo hilo. Usipeleke makombe haya kwa kipimo cha kaboni. Kikomo chake ni kama miaka 50,000.

Sasa hesabu. Tuseme tabaka la wangwa liko mita 11 juu ya bahari ya leo na lina miaka 125,000. Ardhi ya Robe huinuka takriban milimita 0.07 kwa mwaka, yaani mita 8.75 kwa muda huo. Toa: bahari ilikuwa juu ya ya leo kwa mita 2 na robo hivi. Lakini kasi ya kuinuka isitokane na tabaka hilo hilo unalolichunguza, la sivyo unajizungusha. Ipate kwenye tuta jingine. Upande wa mashariki wa Naracoorte unafaa, kwa sababu mchanga wake umehifadhi uelekeo wa sumaku ya dunia ulio kinyume na wa leo, na hivyo unazidi miaka 780,000. Kisha linganisha jibu na Rasi ya Eyre upande wa magharibi, ambako ardhi imetulia na tabaka la umri huo liko karibu mita 2 bila kuhitaji masahihisho.