SOMO: Umepigiwa simu ya deni usilolijua? Soma hii kabla hujatuma hata shilingi

Naandika leo Jumapili ili kesho mtu akiingia na simu mkononi nimwambie tu kaa hapo usome. Niko na saiba ndogo hapa Kayole, naprinti, naingizia watu ritani za KRA, na kila wiki sikosi wawili watatu wa "nimepigiwa ati nina deni, nifanyeje". Nimechoka kurudia.

1. Pokea, sikiliza, usitukane.

2. Uliza na uandike: anaitwa nani, kampuni gani, anamdaia nani, deni la lini, pesa ngapi. Akianza kuzunguka ushajua.

3. Sema hivi tu: "Hilo deni silijui. Nitumie mkataba na stetimenti kwa maandishi." Halafu kata.

4. HAPA NDIPO NILICHOMEKA. Mwaka wa 2021 niko Odeon ndani ya matatu nangoja ijae, dada mmoja akanipigia, sauti tamu, akaniita majina yangu yote matatu. Ati nadaiwa 18,700 za vyombo vilivyochukuliwa kwa mkopo 2013. Nikamwambia sijui hiyo kitu. Akasema sawa mpenzi, basi tuma tu mia tano nifunge faili kwa leo, na unithibitishie namba ya kitambulisho. Makanga anadai nauli, mama wa kando ananiangalia, mimi nikataja kitambulisho gari nzima ikisikia na nikatuma mia tano. Meseji ya M-Pesa ikaingia na jina la mwanaume, mtu binafsi, si kampuni, na bado sikushtuka! Ijumaa nikapata barua: "Tunakiri kupokea sehemu ya malipo ya deni lako." Deni LAKO. Na chini imeandikwa namba ya kitambulisho changu, ile ile niliyowatajia mwenyewe.

Sikilizeni vizuri. Deni la mkataba sheria ya Kenya inampa mwenye kudai miaka 6 kwenda kortini, iko kwenye Sura ya 22 ya sheria za Kenya, ile inaitwa Limitation of Actions Act. Lakini ukilipa kidogo, au ukikiri kwa maandishi na sahihi yako, wanapata hoja ya kusema hesabu ya miaka imeanza upya. Kwa hivyo ile mia tano haikuwa ya kufunga faili, ilikuwa ya kuifungua. Nilihangaika miezi minne, mpaka wakatoa mkataba wenyewe, na kumbe kitambulisho kilichoko pale ni kingine kabisa, ni mtu tu tunafanana majina. Mia tano sikurudishiwa.

Kwa hivyo: USITUME chochote, hata hamsini. USISEME "nitalipa mwisho wa mwezi". USIANDIKE kwa WhatsApp "nipe muda kidogo", hayo ni maandishi. USITAJE kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa, wala kodi (code, namba ya siri) yoyote inayoingia kwa meseji. Wakisema wanathibitisha tu, wao ndio wamekupigia, wathibitishe wao kwanza.

5. Jikague. CRB, yaani kampuni zinazoweka rekodi za mikopo ya watu, ziko tatu, Metropol, TransUnion na Creditinfo, na una haki ya ripoti moja ya bure kila mwaka. Kama uko Safaricom piga *106# uone laini ngapi zimesajiliwa na kitambulisho chako, nimeona mzee mmoja akikuta nne na yeye ana simu moja ya mulika mwizi.

6. Kama ni mkopo wa apu, angalia jina la kampuni kwenye orodha ya CBK (Benki Kuu ya Kenya) ya wakopeshaji wa kidijitali wenye leseni. Iko kwa tovuti yao.

7. Jibu kwa maandishi kwamba unalipinga. Kama limeshaingia CRB, pinga huko huko CRB. Kama wanatumia data zako vibaya, peleka malalamiko kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, unajaza kwa mtandao, na sheria inawapa siku 90 kumaliza.

8. Skrinshoti zote weka.

Kama deni ni lako na unalijua, hili somo si lako, ongea nao mpangane.

MASWALI

Boy wa 44: Ni ndefu sana sijasoma. Nilipe ama nisilipe?

Mwandishi: Namba 4.

Mama Watatu: Dada mimi nimeambiwa kesho saa nne polisi wanakuja na okshonia wanabeba TV. Sijalala. Watoto wako shule, nitafanya nini?

Mwandishi: Pole mama, lala. Deni si jinai, polisi hawana kazi hapo. Kama hukuweka TV rehani, okshonia haji kwa sababu ya simu, anakuja na karatasi za korti, yaani umeshtakiwa, kesi imeamuliwa, na hata akija kwanza anaandika vitu halafu anakupa siku 7. Kuna kitu inaitwa kifungo cha madai, yaani kufungwa kwa kutolipa deni, ndiyo, lakini hiyo ni baada ya hukumu na unaitwa kortini ujieleze kwanza, si kesho saa nne. Waambie wakutumie namba ya kesi. Hawataituma.

Mama Watatu: Nimewauliza namba ya kesi. Wamekata simu 😂

Kaka Mkubwa: We unafundisha watu kukwepa madeni. Mimi nimefanya hii kazi miaka mitano, watu wengi husema "silijui" na wanalijua vizuri sana.

Mwandishi: Onyesha ni wapi nimesema mtu asilipe deni lake. Nimesema aombe karatasi. Kama karatasi ziko shida iko wapi? Na wewe mkubwa, mia tano zangu ziliingia kwa laini ya mtu binafsi, hiyo ndiyo kazi?

Kaka Mkubwa: Ya laini ya mtu binafsi ni wizi, hapo siwezi kutetea. Lakini wacha niwaambie ukweli, sisi tunapewa listi tu, jina, namba, na pesa. Mkataba hatuna mkononi. Ukiuomba kwa maandishi faili yako inarudi kwa mwenye kukudai, na mimi napiga ya mwingine, kwa sababu nalipwa komisheni na siku ni fupi.

Mwandishi: Asante. Hiyo watu waiprinti waweke ukutani.

Fundi wa Simu: Nimenunua laini mwezi jana, kila asubuhi naitwa jina la mtu simjui naambiwa nilipe. Kwa nini, na nifanyeje bila kutupa laini? Nimeshawapa wateja hiyo namba.

Mwandishi: Swali zuri. Namba ikikaa bila kutumika kampuni ya simu huiuza tena, na mwenye zamani aliacha mikopo yake humo. Waandikie namba ni yako tangu tarehe fulani, na kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 unataka waifute kwa faili ya huyo mtu. Waambie waanze kutuma pesa M-Pesa kwa hiyo namba, jina lako litatokea kabla hawajamaliza, huo ni ushahidi tosha. Na ikiingia kodi ya apu ambayo hukuifungua, usimsomee mtu.

Mwalimu Ruai: Shemeji alikopa kwa apu, mimi ndio napigiwa, hadi kazini. Naambiwa mimi ni "mdhamini". Sikumbuki kusaini.

Mwandishi: Mwalimu, kama hukusaini wewe si mdhamini, uliandikwa tu kama mtu wa kuulizwa, ama apu ilimeza namba zote za simu yake. Kanuni za CBK za 2022 zinakataza kutishia, kutukana, na kupigia watu walio kwenye simu ya mkopaji. Septemba 2023 Kamishna wa Data alipiga faini kampuni moja ya apu karibu milioni 3 kwa mambo kama hayo, kwa hivyo hiyo ofisi si ya maonyesho. Watumie meseji moja: "Mimi si mdhamini, sikuridhia mtumie namba yangu." Wakirudia, jaza malalamiko. Shemeji mwambie kwa upole, lakini mwambie.

Boy wa 44: Nimesoma namba 4 sasa. Nilikuwa nishatuma 300.

Mwandishi: Kijana wangu. Andika leo, si kesho: ulituma kwa kushinikizwa, deni hulitambui, unataka mkataba. Haitafuta ile 300 lakini itakuwa kwa rekodi. Na uangalie jina lililotokea kwa M-Pesa, ulipige skrinshoti.

Boy wa 44: Jina ni la mama fulani. Kuprinti ripoti ya CRB kwako ni ngapi?

Mwandishi: Ripoti ni bure, karatasi ni 10 bob. Nafungua saa mbili.