Kabla Hujaita Fundi Rangi: Mambo ya Kuzingatia, na Habari ya Ndoo Zangu Mbili

Desemba Moshi kila mtu anapaka rangi. Watoto wanarudi kutoka Dar na Mwanza, wageni wanapita njiani wakienda migombani, yaani vijijini kwao, kuhesabiwa, na hakuna anayetaka akutwe na ukuta wenye alama za viganja. Fundi mwezi huo hashikiki, na watu wananunua mbiombio kitu watakachokitazama miaka mitano. Mimi nimeshaungua, kwa hiyo nisikilize. Mengine chagua utakayoyaweza, ila la ndoo usiliruke.

Anza na ukuta. Plasta mpya iache wiki nne. Usiniambie fundi amesema wiki moja yatosha kwa sababu jua la Pasua hapa Moshi ni kali. Jua linakausha juu tu; ndani saruji bado ina maji na magadi yake, na magadi hayo ndiyo yanayopausha rangi. Maji nayo yakitoka yanaleta ule unga mweupe kama chumvi. Ukuta wa zamani upitishie kiganja: kikitoka cheupe, ukwanguliwe, ufutwe, upigwe prima, ile rangi ya msingi, kwanza. Ukihofia unyevu, bandika kipande cha nailoni ukutani, kizibe kwa selotepu pande zote nne, kiangalie kesho yake. Kikitoa jasho upande wa ndani, tafuta bomba linalovuja. Rangi haijawahi kuziba bomba.

Masika usipake nje. Juni na Julai, hasa wenzetu wa Arusha, mawingu yanakaa kutwa nzima na rangi inachelewa kukauka, basi ongeza siku.

Pima. Usikubali kukadiriwa kwa macho. Chumba cha mita 4 kwa 5 mzunguko wake ni mita 18. Kama kwenda juu ni mita 2.8, unapata kama mita 50 za mraba. Toa mlango na madirisha, tuseme zinabaki 43. Lita moja ya rangi ya maji kwenye ukuta laini inapaka kama mita 10 za mraba kwa mkono mmoja, yaani tabaka moja. Mikono miwili ni lita 9 hivi, kwa hiyo ndoo ya lita 20 inamaliza vyumba viwili vya namna hiyo. Ukuta usiopigwa skimu, ile lipu laini ya kusawazisha, unakunywa zaidi. Nunua yote siku moja, duka moja, na ibaki kidogo. Bora ibaki kuliko ipungue, na utaona kwa nini.

Dukani nenda mwenyewe. Mafundi wengi ni waaminifu, lakini wapo wanaoachiwa kitu kidogo na muuzaji, nawe ndiye unayekilipa bila kujua. Angalia kifuniko kama hakijawahi kubanduliwa, alama ya ubora ya TBS, tarehe ya mwisho wa matumizi, na namba ya bechi. Bechi ni mkupuo mmoja wa kiwandani; namba yake iwe moja kwenye ndoo zote. Kama ni rangi ya kuchanganywa kwa mashine, ifunguliwe mbele yako, ipakwe kidogo juu ya kifuniko, na itoke nje mlangoni uione kwa mwanga wa jua, maana taa za dukani zinadanganya. Rangi ya maji ikinuka kama yai viza, imeharibika. Iache hapo hapo. Dai risiti ya EFD iliyoandika aina na namba ya rangi, siyo neno "rangi" tupu.

Ukifika nyumbani usipake nyumba nzima. Paka mita moja ya ukuta, mikono miwili, ilale. Iangalie asubuhi, iangalie usiku kwa taa yako mwenyewe. Futa kwa kitambaa chenye maji, ukikumbuka kwamba siku ya kwanza rangi haijakomaa, kwa hiyo usisugue kama unaosha sufuria. Ikikuudhi hapo, umepoteza nusu lita na hujapoteza kitu kingine.

Sasa ndoo.

Mwaka ule nilinunua ndoo mbili za krimu, za mashine, kwa sebule, korido na vyumba viwili. Fundi alikuwa amekadiria kwa macho. Siku ya tatu, saa nane mchana, akanipigia simu kazini: "Mama, rangi imekata." Ulikuwa umebaki nusu ya ukuta mmoja wa sebuleni, ule unaotazamana na dirisha. Nikamtuma kijana wangu kwa bodaboda na kikaratasi: krimu ile ile, galoni moja ya lita nne. Akarudi nayo. Ikiwa mbichi ilifanana kabisa. Ilipoanza kukauka nikaona kama imetofautiana kidogo, fundi akasema maneno ambayo ukiyasikia popote usimamishe kazi: "Ikikauka itaendana, mama."

Ikakauka. Asubuhi jua likaingia dirishani, na ukutani kwangu kukawa na ramani. Upande mmoja krimu, upande wa pili rangi ya uji wa ulezi uliozidishiwa maziwa, na katikati mstari uliopinda kama barabara ya kwenda Marangu. Zaidi ya hapo, kwenye zile ndoo za kwanza, ukiegemea ukuta unaondoka na unga mweupe begani.

Nikaenda dukani nimefura. Muuzaji, kijana mpole tu, akauliza risiti. Ya ndoo mbili ninayo. Ya galoni ni kipande cha karatasi cha mkono kisicho na jina la duka. Akauliza namba za bechi na ile stika ya mashine inayoonyesha mchanganyiko. Nikasema ziko kwenye ndoo. "Basi zilete ndoo, mama, tuzilinganishe."

Hapo ndipo nilipoishiwa nguvu. Ndoo ya kwanza mama mkwe alikuwa ameshaichukua Jumapili kwenda nayo Kibosho, na nilipompigia ilikuwa imeshajaa maji ya mvua chini ya paa. "Ndoo nzuri sana, mwanangu, ina na kifuniko." Ya pili dada wa nyumbani alikuwa ameisugua kwa stilwaya mpaka inang'aa, stika yote imetoka, na ndani ameloweka sare za shule. Hakukosea kitu. Ndoo ya rangi kwetu haimalizi siku mbili bila mwenyewe. Majirani wanaiwekea oda fundi akiwa bado ana rola mkononi.

Muuzaji akaninyooshea kibao cha ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi. Akaongeza kwamba ule unga ni fundi kazidisha maji. Fundi naye akaapa ni rangi, imejaa chokaa. Na mimi katikati, sina rangi iliyobaki ya kupimisha, sina bechi, sina stika. Mpaka leo sijui nani alisema kweli. Nilinunua ndoo nyingine kwa hela ya viatu vya Krismasi, tukarudia sebule nzima.

Kwa hiyo: kabla rola haijagusa rangi, piga picha kifuniko, stika na namba ya bechi. Changanya ndoo zote pamoja kwenye chombo kikubwa ili tofauti ndogo ipotee. Bakiza angalau nusu lita kwenye kopo lililofungwa vizuri. Na ndoo ziwekwe chini ya kitanda chako mpaka ukuta umeshaonwa kwa jua na kwa taa wiki nzima.

Kama imeshakuharibikia, simamisha kazi, na kama kuna ndoo ambayo hujaichanganya, isifunguliwe. Ndoo nzima inazungumzika, ukuta uliokwisha pakwa hauzungumziki. Kisha jua kosa ni la nani kabla hujagombana. Michirizi ya rola ni mkono wa fundi. Malengelenge ni unyevu wa ukuta wako. Tofauti ya rangi kati ya ndoo na ndoo ni bechi au mashine. Unga unaweza kuwa maji mengi au rangi hafifu, na hapo ndipo ile nusu lita inakuokoa: ipake kipande cha ubao bila kuzidisha maji, ikauke siku kadhaa, ifute. Ikitoa unga na yenyewe, beba ubao, risiti na ndoo urudi dukani, uongee polepole. Kibao cha "hairudishwi" kisikutishe. Sheria ya mauzo inataka mali ilingane na sampuli uliyoonyeshwa. Wakikataa, namba ya kiwanda iko kwenye ndoo, na rangi bandia ni kazi ya FCC, yaani Tume ya Ushindani. Lakini kote huko utaulizwa risiti.

Usitie kiraka katikati ya ukuta. Rudia ukuta wote, kona hadi kona, jicho halioni tofauti kwenye kona.

Maji ya kuchanganyia yapimwe kwa jagi, kwa kiasi kilichoandikwa kwenye ndoo, nawe ukiwepo. Hela ya fundi usiitoe yote mwanzoni. Vifuniko vya swichi vifunguliwe, visipakwe juu, na umeme uzimwe kwanza. Rangi ya mafuta ikipakwa, watoto wasilale humo usiku huo, na jiko la mkaa lisikaribie thina. Ngazi ya kuazima ikanyagwe chini kwanza. Makochi yafunikwe, siyo kusogezwa tu. Ndoo za mwaka huu mimi ninazo bado, chini ya kitanda, na mama mkwe ameshaziulizia mara mbili.