Supaposisheni: betri mbili, saketi moja, na "kuzima" kulikotula jioni nzima

Mpwa wangu anasoma ufundi umeme. Juzi alinijia kibarazani hapa Ngamiani na swali la saketi yenye betri mbili. Kila akipiga hesabu anapata 9 V, kitabu kinasema 6. Tuliachana saa nne usiku, chai imeshapoa. Naandika tulivyolifungua kwa supaposisheni, yaani kuhesabu kila chanzo cha umeme kikiwa peke yake, vingine vimezimwa, kisha kujumlisha majibu.

Saketi yenyewe: betri A ya 12 V inapita rezista (kipunguza mkondo) R1 hadi nukta P. Betri B ya 6 V inapita R2 hadi P hiyohiyo. Kutoka P, R3 inashuka hadi waya wa pamoja, ambako hasi za betri zote mbili zimefungwa. Rezista zote ni ohm 1,000 (mistari yake ya rangi: kahawia, nyeusi, nyekundu). Tunatafuta volteji ya P.

Hatua ya 1: Chora, weka mishale

Kwa penseli. Kila rezista ipe mshale wa mkondo na usiubadilishe tena mpaka mwisho. Programu za kuchora saketi ziache kwanza. Zinakupa jibu kabla hujajua umeuliza nini.

Hatua ya 2: Zima betri moja

Hapa ndipo tulipokwama.

Kuzima betri si kuing'oa ukaacha pengo. Betri iliyozimwa ni betri ya 0 V, na kitu chenye 0 V kati ya ncha zake, hata mkondo upite kiasi gani, ni waya mtupu. Kwa hiyo mahali pa betri panawekwa waya. Chanzo cha mkondo (kile kinachoshikilia ampea badala ya volti) ni kinyume chake: kikizimwa kinatoa 0 A, basi hapo ndipo unaacha wazi.

Mpwa alichomoa B akaacha pengo. Multimita ikasoma kama 6 V pale P. Akarudisha B, bado 6! "Mjomba, hii betri ya pili haina kazi." Nami nikaanza kuishuku betri, nikabadilisha waya, nikapima tena. Kumbe namba hizi zina mtego wake, na utauona hatua ya 4. Alipochomoa A akapata 3 V, akajumlisha: 9.

Kwenye ubao wa majaribio, TOA betri kwanza, ndipo uunganishe waya kati ya matundu ilipokuwa. Ukiuweka waya juu ya betri iliyopo umepiga shoti, na waya utakufundisha mwenyewe kwa vidole.

Usizime chanzo kinachoongozwa na volteji au mkondo wa sehemu nyingine ya saketi. Hicho kinabaki kila raundi.

Hatua ya 3: Piga hesabu, raundi mbili

A peke yake: R2 na R3 ziko sambamba, ohm 500. Jumla na R1 ni 1,500, mkondo 8 mA (miliampea), P ina 4 V.

B peke yake: 6 V kwa 1,500 ni 4 mA, P ina 2 V.

Hatua ya 4: Jumlisha pamoja na alama za + na −

4 + 2 = 6 V. Sasa tazama R2. A ikiwa peke yake inasukuma 4 mA kutoka P kwenda upande wa B. B ikiwa peke yake inarudisha 4 mA hizohizo kuelekea P. Jumla ni sifuri. Ndiyo maana kuchomoa B hakukubadilisha kitu: tawi lile halikuwa na mkondo tangu mwanzo.

Kwa kupima, mimi sipendi kuingiza mita kwenye njia ya mkondo. Fyuzi zake nimeshaunguza za kutosha. Pima volteji ya rezista. Kwa ohm 1,000, kila volti 1 ni 1 mA. Tumia mita ya dijitali, inakuonyesha alama ya kutoa.

Hatua ya 5: Nguvu haijumlishwi

Kwa R3, raundi ya kwanza inatoa 16 mW (miliwati), ya pili 4 mW. Ukijumlisha unapata 20, lakini 6 mA kwenye ohm 1,000 ni 36 mW. Kwa R2 ungepata 32 mW, wakati kweli ni 0. Jumlisha mikondo kwanza, nguvu utafute mwisho.

Kukiwa na diodi au LED kwenye saketi, njia hii haifai. Na vyanzo vikifika vitatu, mimi huhamia milinganyo ya Kirchhoff kwenye nukta (mkondo unaoingia ni sawa na unaotoka). Kwa P hii ni mstari mmoja tu, na mpwa aliutumia kukagua 6 yake kabla hajafunga daftari.